Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone
Somo kwa vikundi vinavyofikiria kujenga nyumba za wageni



Siku hizi ukikaa na vikundi vya pwani au vya kando ya Ziwa Victoria, hukosi kusikia mtu akisema, "Na sisi tujenge nyumba za wageni, tupate pesa." Wazo si baya. Lakini kabla ya kufanya harambee ya simiti na mabati, tuvuke kidogo mpaka kwa majirani zetu Tanzania, tuangalie kisiwa kimoja kidogo cha Zanzibar kiitwacho Chumbe. Kuna mambo huko ya kuiga, na mengine ya kutuonya.

KISIWA CHENYEWE

Chumbe kiko kusini ya mji wa Zanzibar, safari fupi ya mashua. Ukubwa wake ni kama hekta 22, yaani ekari 54 hivi. Ni mawe ya matumbawe na msitu tu. Hakuna kisima wala chemchemi. Mnara wa taa za meli ulijengwa huko mwaka 1904.

Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ilitangaza matumbawe ya upande wa magharibi kuwa hifadhi, samaki wasivuliwe hapo. Usimamizi ulipewa kampuni iliyoanzishwa na mama mmoja Mjerumani, Sibylle Riedmiller. Kazi ilianza 1991, na wageni wakaanza kupokelewa 1998. Hesabu mwenyewe: ni miaka 7. Asiyekuwa na subira hii biashara itamshinda.

Na nyumba za wageni walizojenga ni ngapi? Ni 7 tu. Si 70.

MGENI ANALIPIA NINI?

Wengi wetu tunadhani mgeni anafuata kitanda kizuri na marumaru sakafuni. Hapana. Kitanda anacho kwao. Anayekwenda Chumbe anafuata kile ambacho kwao hakuna.

Mchana huvaa miwani ya kuogelea akaangalia matumbawe, ambako kuna aina zaidi ya 400 za samaki. Mashua haitupi nanga juu ya matumbawe. Hufungwa kwenye boya. Baadaye hutembezwa msituni. Humo yuko paa nunga, mnyama mdogo mwekundu aliye adimu sana duniani. Huku Kenya tunaye katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Usiku mgeni hushika tochi asije akamkanyaga kaa wa nazi. Huyu ndiye kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, huweza kufika kilo 4, na hupasua nazi kwa magando yake. Visiwa vingi vimemmaliza kwa kumla.

Basi mtaji wa biashara hii ni samaki, paa na kaa. Nyumba ni jamvi tu la kumkalisha mgeni. Siku mwenyekiti wenu atakaposema, "Tukate mikoko hii tuongeze vyumba kumi," mkumbusheni kwamba mwenye kuchinja ng'ombe wa maziwa hunywa supu siku moja.

MAJI: TUPIGE HESABU

Kwa kuwa kisiwa hakina maji, kila nyumba hukinga mvua kwa paa lake. Maji huchujwa na kuingia tangi lililo chini ya sakafu. Kutoka hapo hupampwa kwa mkono, na jua huyapasha moto. Maji machafu ya kuoga hupitia mchujo na kunyweshea mimea, yasiingie baharini. Taa ni za sola. Choo hakitumii maji hata tone: ukimaliza unamwaga mchanganyiko wa majani makavu na udongo, na uchafu huoza ukawa mbolea.

Je, sisi tungeweza? Kumbukeni kanuni hii: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1.

Tuseme paa lenu la mabati lina mita za mraba 50, na mvua ya mwaka ni milimita 800. Hiyo ni lita 40,000. Toa sehemu moja ya tano inayomwagika na kukauka. Zinabaki 32,000. Wageni wawili, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku bila choo cha kuvuta maji, watatumia 80. Maji yenu yatatosha siku 400, zaidi ya mwaka.

Sasa wekeni choo cha kuvuta maji na bafu la kumwaga ovyo. Kila mgeni atumie lita 100. Maji yataisha kwa siku 160. Baada ya hapo akina mama watatumwa mtoni kumchotea mgeni, na watoto nyumbani wakae na kiu. Huo si utalii, ni mzigo.

Tangi nalo lipimwe kwa kiangazi. Kiangazi cha siku 120 kwa lita 80 ni lita 9,600. Basi tangi la lita 10,000, na gata zisafishwe kabla ya mvua.

WAVUVI JE?

Walinzi wa Chumbe walichukuliwa kutoka kwa wavuvi wa vijiji vya jirani, wakafundishwa. Hawabebi bunduki. Mvuvi akiingia hifadhini, humfuata na kuzungumza naye kama ndugu: samaki wakizaliana humu kwa amani, watatoka nje na kuingia mtegoni mwako. Mvuvi humsikiliza mvuvi mwenzake. Watoto wa shule pia huletwa kuona matumbawe, na kipato cha wageni ndicho kinachogharimia mafunzo hayo.

Huku kwetu, akina mama wa Wasini wametengeneza njia ya mbao katikati ya mikoko na mawe ya matumbawe, na mgeni hulipa ndipo apite. Hawakuanza na hoteli. Walianza na kile walichokuwa nacho.

ONYO

Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yakageuka meupe na kufa. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulizuia safari, wageni wakakatika pwani nzima. Kwa hiyo kikundi kisiache kuku, shamba wala mfuko wa akiba kwa kutegemea wageni peke yao. Mgeni ni mvua: ikija kinga, isipokuja uwe na akiba.

MAMBO YA KUFANYA KWANZA

1. Andikeni wanyama, ndege na miti mliyo nayo. Waulizeni wazee.
2. Pimeni maji kabla ya kupima vyumba.
3. Kaeni na wale watakaozuiwa kuvua au kukata kuni. Wapate kazi wao kwanza.
4. Anzeni na mgeni wa mchana, wa kutembezwa na kupikiwa.
5. Andikeni tangu mwanzo ni sehemu gani ya mapato itakayotunza msitu au bahari.

MASWALI YA KUJADILIANA

Je, kijijini kwetu kuna kitu gani ambacho mgeni hawezi kukiona kwao? Ni nani anayekiharibu sasa, na kwa nini? Tukikifunga, yeye atakula nini?

Msiondoke mkutanoni kabla ya kulijibu swali hilo la mwisho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.