Dondoo muhimu: Saketi ya umeme kwenye skrini ya darasa

PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, hutoa bure majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta, mengine kwa Kiswahili. Yapakue palipo na intaneti. Mengi hufunguka darasani bila bando.

Kwa jaribio la saketi, projekta moja yatosha. Kabla ya kufunga swichi, uliza: balbu ya pili ikiunganishwa kwa mfuatano, mwanga utaongezeka au utafifia? Kila mwanafunzi aandike jibu na sababu yake. Usiharakishe hapa, maana ubashiri huo ndio unaowafanya watazame kwa makini. Kisha mwanafunzi, si mwalimu, aunganishe waya.

Betri na balbu halisi zikiwapo, zitumie pia. Waya uliolegea haufundishwi na skrini.