Akili ya Mwanadamu: Je, Ni Moja au Ni Nyingi?



Ndugu msomaji, Waswahili husema, "Akili ni nywele, kila mtu ana zake." Lakini matokeo ya mitihani yanapotoka, msemo huu tunausahau haraka. Wa kwanza tunamwita "kichwa", na wa mwisho tunasema "hana akili". Kauli hii ya pili ni nzito kuliko tunavyodhani, kwa sababu akili ndiyo inayomtofautisha mwanadamu na wanyama. Katika somo hili tutaona wanasaikolojia wanasema nini kuhusu akili, kisha tujiulize maana yake kwetu seminarini na parokiani.

1. Kipimo cha akili kilianzaje?

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kushughulikia watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Mwaka 1905 Alfred Binet na daktari Théodore Simon walitoa kipimo cha kuwatambua watoto hao ili wasaidiwe. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili wa mtoto ugawanywe kwa umri wake halisi. Hapo ndipo lilipotoka jina IQ. Siku hizi mtu hulinganishwa na watu wa rika lake: wastani ni 100, na takriban watu 68 kati ya 100 hupata alama kati ya 85 na 115.

Binet mwenyewe alipinga wazo kwamba akili ni kiasi kisichobadilika. Aliamini kuwa hukua kwa malezi na mazoezi. Hata hivyo, baadaye huko Marekani vipimo vya namna hii vilitumika kuunga mkono hata ufungaji uzazi wa lazima kwa watu walioonekana kuwa na akili pungufu. Chombo cha kumsaidia mnyonge kikageuzwa kuwa fimbo ya kumpigia.

2. Moja au nyingi?

Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman aliona kuwa wanafunzi wanaofanya vizuri somo moja mara nyingi hufanya vizuri na mengine. Akasema ipo akili ya jumla iliyo nyuma ya uwezo wote. Mwaka 1938 Louis Thurstone wa Marekani alimpinga, akataja uwezo saba wa msingi, kama vile uelewa wa maneno, hesabu, kumbukumbu na kufikiri kwa mantiki.

Mwaka 1983 Howard Gardner alikwenda mbali zaidi. Alitaja akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya muziki, ya mwili, ya maumbo na nafasi, ya kuwaelewa wengine, na ya kujielewa. Baadaye akaongeza akili ya kutambua viumbe vya asili. Walimu wengi waliipenda nadharia hii, lakini wanasaikolojia wengi wanasema ushahidi wake ni hafifu, na kwamba baadhi ya hizo ni vipaji tu. Tusiikumbatie kwa sababu tu inatufariji.

3. Funzo kutoka Kenya

Robert Sternberg alitofautisha akili ya kuchambua, ya kubuni na ya vitendo. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka 12 hadi 15 katika kijiji kimoja karibu na Kisumu. Watoto hao walipimwa ujuzi wao wa dawa za mitishamba, na pia wakapewa mitihani ya kitaaluma. Waliojua zaidi dawa hawakuwa lazima wazuri darasani. Katika baadhi ya mitihani walipata alama za chini kuliko wenzao. Je, mtoto anayejua mti gani unatibu tumbo tumwite hana akili?

4. Mwanga wa falsafa

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia kupanga mambo haya. Kwake, akili ni uwezo wa roho, na kila mwanadamu anao. Akili inayotafuta ukweli na akili inayoongoza matendo si akili mbili, bali ni uwezo uleule wenye malengo mawili. Kwa hiyo kipimo hupima jinsi mtu anavyotumia uwezo huo katika kazi fulani. Hakipimi kama anao, wala hakipimi utu wake. Tena, akili ya matendo hukamilishwa na fadhila ya busara, na busara haipatikani kwa kukariri.

5. Hitimisho

Mtakatifu Yohane Maria Vianney alihangaika sana na Kilatini, na masomo ya seminari yalimshinda. Waliomlea hawakuishia kwenye alama zake. Alipewa upadre mwaka 1815, na baadaye umati wa watu ulifunga safari hadi kijiji cha Ars ili kuungama kwake.

Mfano huu usiwe kisingizio cha uvivu kwetu waseminari. Padre lazima asome, na Vianney mwenyewe alisoma kwa taabu kubwa. Lakini mlezi, katekista na mzazi wanapomwona kijana aliyefeli, wajiulize kwanza: amefeli nini, na ni kitu gani anachokiweza ambacho hatujawahi kumuuliza? Na neno "hana akili" tuliondoe vinywani mwetu, maana si kweli kwa mwanadamu yeyote.