Wawili Wawili: Kwa Dada Anayetaka Kazi ya Habari

Masomo: Marko 6:7–13, Luka 24:1–12



Binti mmoja wa kidato cha sita alinisubiri nje ya kanisa baada ya Misa. "Dada, nataka kusomea uandishi wa habari, lakini mama hataki hata kusikia. Anasema nitapotea kama yule wa Kibiti. Nimwambie nini?"

Nilitaka kumjibu haraka haraka, yale maneno yetu ya kutiana moyo: Mungu yuko nawe, songa mbele. Nikajizuia. Mama yake hajakosea kuogopa, na anayemwogopea mtoto anastahili jibu zuri kuliko hilo.

Yule wa Kibiti ni Azory Gwanda. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea, akiandikia magazeti ya kampuni ya Mwananchi. Kati ya 2015 na 2017 maeneo ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga yalikumbwa na mauaji. Waliuawa viongozi wa vijiji, viongozi wa chama, polisi. Aprili 13, 2017 askari wanane waliuawa Kibiti kwa siku moja. Azory alikuwa anaishi hapo hapo na kuandika habari hizo. Novemba 21, 2017 watu walimchukua kwa gari. Kwa maelezo ya mkewe, gari hilo lilipita shambani alikokuwa akilima. Azory akamuuliza ulipo ufunguo wa nyumba, akasema ana safari ya dharura, atarudi kesho yake. Hakurudi. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati ule aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki, halafu akasema hakueleweka vizuri. Hadi leo familia haijapata mtu wala kaburi.

Sasa fungua Marko 6. Yesu anawatuma Mitume, na Marko anataja jambo ambalo tunalisoma bila kulitazama: aliwatuma wawili wawili. Kihesabu, watu kumi na wawili wangeweza kufika vijiji kumi na viwili. Yesu akachagua sita. Alikubali habari njema ichelewe kufika mahali fulani kuliko mjumbe wake awe peke yake njiani. Na Sheria ya kale ilikwisha kusema kwamba neno linathibitika kwa mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu la Torati 19). Kwa hiyo yule wa pili anafanya kazi mbili: anakulinda wewe, na analinda ukweli unaousema. Mhariri yeyote makini atakuuliza hivyo hivyo: nani mwingine amethibitisha?

Novemba 7, 2018, karibu mwaka mzima baada ya Azory kutoweka, wanawake wawili walikuwa Dar es Salaam: Angela Quintal wa Afrika Kusini na Muthoki Mumo wa Kenya, wote wa Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, CPJ. Usiku walichukuliwa hotelini, wakanyang'anywa pasipoti, wakahojiwa kwa saa kadhaa, pamoja na kuulizwa kwa nini wanafuatilia habari za Azory. Baadaye waliachiwa, wakarudishiwa pasipoti na kuondoka nchini. Sisemi kwamba kuwa wawili ndiko kulikowaokoa, maana Mungu ndiye ajuaye. Nasema tu kwamba walikuwa wawili, na wapo watu waliojua walipo.

Ndiyo maana nilimwambia yule binti aende, ila asiende peke yake. Na hilo si suala la sala tu. Lina karatasi zake, nauli zake na namba zake za simu.

Tuanze na karatasi. Wengi wetu tunaanza kama waandishi wa kujitegemea, yaani unalipwa habari ikitoka. Isipotoka, umekula hasara ya nauli na vocha. Dada, kabla hujatumwa popote omba mkataba, au angalau ujumbe wa maandishi unaosema: umetumwa na nani, unakwenda wapi, ukipata shida ni nani anawajibika. Ukiona aibu kuuliza, kumbuka kwamba Yesu aliwapa Mitume mamlaka kabla hawajapiga hatua ya kwanza. Walikuwa wanajua wametumwa na nani. Wewe je?

Halafu nauli. Mwaka wangu wa kwanza chombo kimoja kilinituma kwenye delta ya Rufiji, upande wa Kibiti, na nauli ya kwenda tu. Ya kurudi ningejua mwenyewe. Nilifika Nyamisati, nikapanda mashua kwenda ndani kwenye vijiji vya mikoko. Sikujua kwamba kule saa ya safari haipangwi na saa ya mkononi. Maji yakipwa, vijito vinabaki matope na chombo kinakaa. Nikakwama. Mama mmoja wa pale akanichukua kwake bila kuniuliza dini wala kabila. Yeye aliswali Ishaa upande wake, mimi nikasali Rozari upande wangu, tukala wali na kamba, akanifundisha tofauti ya bamvua na maji mafu hadi nikasinzia. Lakini jioni ile, kabla sijampata, alikuwapo "msamaria" mwingine, mwanaume aliyejitolea kunilipia chumba. Nilikuwa na shilingi mia saba mfukoni. Ndipo nilipoelewa kwamba nauli ya kurudi ni suala la usafi wa moyo pia. Mwandishi asiye na nauli anamilikiwa na yeyote mwenye nauli, awe mwanaume wa gesti au mkubwa anayegawa bahasha baada ya mkutano. Ukishaila ile bahasha, habari si yako tena.

Sitaki mtu aseme basi delta tuiache, tuandike kwa simu kutoka mjini. Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani ya 2021, alichukua mwaliko wa Filipo kwa Nathanaeli, njoo uone, akasikitikia habari zinazopikwa mbele ya kompyuta bila mtu kutoka nje na kukutana na watu. Mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti, kutoka angani yalikuwa maji. Ukifika, unakutana na mwanamke ambaye mpunga wake ulikuwa umekaribia kuvunwa, na dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia shamba, limesombwa. Mwanamke huyo ataongea na dada mwenzake mambo ambayo asingemwambia kaka mwenye kamera. Hii ni karama tuliyo nayo, tusiidharau. Ila ingia kwa adabu. Kule wenyeji wengi ni Waislamu. Salamu kwanza, shikamoo kwa wakubwa, mtandio begani, daftari baadaye. Na kabla hujaondoka mwachie mtu mmoja ratiba yako: kijiji, mwenye chombo, saa ya maji. Mkubaliane kwamba usipopiga simu saa fulani, yeye anaanza kuuliza.

Kuna jambo tunalolisema kwa kunong'ona. Wako wakubwa kwenye vyombo vya habari, na kwenye muziki na filamu vilevile, wanaotaka mwili wa binti ndipo wampe kipindi au nafasi ya kazi. Jina lake ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inaitaja kuwa kosa la jinai. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Binti aliyetendewa hivi hana dhambi ya kuungama hapo; ana kesi ya kupeleka. Tunza ujumbe wa simu, mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo. Waandishi wanawake waliotutangulia waliunda TAMWA mwaka 1987, wakaanzisha jarida wakaliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, kwa sababu walijua hakuna anayeyaweza haya akiwa mmoja.

Turudi kwenye Marko 6, mstari wa 11. Yesu anawapa Mitume ruhusa ya kuondoka. Mahali pasipowapokea, wakung'ute vumbi, waende. Nimekutana na vijana wazuri wanaodhani kuacha habari ya hatari ni kumkana Kristo. Hapana jamani. Kumkana ni kuandika uongo. Kuahirisha, kumkabidhi mwenye uzoefu, kumwambia mhariri "hii siendi bila mwenzangu", hayo ni busara, na busara ni fadhila. Lakini si kila aliyepata madhara alikosa busara. Tusiwahukumu hivyo kamwe, na Azory simhukumu.

Tumalizie na Luka 24. Wanawake wanakwenda kaburini alfajiri, na Luka anawataja kwa wingi: Maria Magdalena, Yoana, Maria mama wa Yakobo, na wengine. Wanaleta habari kubwa kuliko zote, na wanaume wanaiona upuuzi. Hawakuibadilisha ili iaminike. Petro akaenda mbio kuhakiki mwenyewe, na kaburi alilikuta kama walivyosema.

Yule binti nimemshauri aanze kwa kumpeleka mama yake kuzungumza na dada mmoja mtangazaji wa parokiani kwetu. Wamepanga Jumamosi.

Tusali: Bwana Yesu, uliyewatuma wajumbe wako wawili wawili, wakumbuke waliokwenda na hawajarudi. Mkumbuke Azory, mke wake na watoto. Wape jibu. Wafungulie midomo wanaojua. Mpatie kila binti anayetoka leo na daftari lake mwenzake wa njiani, na nauli ya kurudi nyumbani. Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa waandishi wa habari, utuombee. Mtakatifu Maria Magdalena, utuombee. Amina.