Somo la "Tuma kwa Namba Hii"

Wengi wetu husema kwamba wezi wa mtandaoni huwaibia matajiri wa mijini tu. Mimi nami nilisadiki hivyo mpaka likizo ya Desemba, waliponiibia nyumbani kwetu Mamba, huku milimani.

Mama alikuwa ameuza tangawizi, akanipa simu nimtumie mjomba aliyeko Same mjini shilingi 60,000 za kuninunulia godoro na viatu vya shule. Kabla sijatuma ukaja ujumbe: "Ile pesa tuma kwa namba hii." Nikadhani ni mjomba. Jina lililotokea halikuwa lake, lakini nikajiambia kuwa ni la wakala. Nikabonyeza. Jioni mjomba akapiga simu, nikapokea mimi. Akauliza, "Mbona kimya?"

Je, mwizi alijuaje? Hakujua. Matapeli huutupa ujumbe huo kwa watu wengi, kama mvuvi atupavyo wavu bila kumwona samaki. Katika wengi hao hakosi mmoja aliye karibu kutuma pesa. Ndiyo sababu ujumbe wenyewe hautaji jina wala kiasi.

Basi yatupasa kushika mambo haya. Kwanza, kabla ya kutuma, mpigie mwenyewe kwa namba unayoijua, tena lisome jina linalotokea. Pili, namba ya siri usimpe mtu, hata akisema yeye ni wa kampuni ya simu. Tatu, mzazi akipigiwa kwamba mtoto ni mgonjwa shuleni na pesa zatakiwa upesi, ampigie kwanza mwalimu. Nne, picha usiyopenda baba aione usimpelekee mtu. Wako wanaozitumia kudai pesa.

Likikupata, usifiche. Ipigie kampuni ya simu mara moja, toa habari polisi, na namba ya tapeli ipeleke TCRA kwa ujumbe kwenda 15040. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yawahusu matapeli, na hata mwanafunzi amtishaye mwenzake kwa ujumbe.

Mimi nilificha mpaka asubuhi kwa aibu, na pesa ilikuwa imekwisha kutolewa. Muhula ule nililalia godoro la kuazima. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Pesa imekwenda, mwanangu, akili na ibaki."

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu