Kuivuka Nchi kwa Baiskeli

Likizo ya katikati ya mwaka ikaribiapo, huwapo vijana waombao ruhusa kwa wazazi wao, wapate kufanya safari ya mbali kwa baiskeli wakiwa kundi. Wazazi wengine hukataa upesi kwa hofu. Wengine hukubali upesi pasipo kuuliza neno. Yote mawili hayafai. Safari ya namna hiyo humjulisha kijana nchi yake na kumkomaza, lakini barabarani mna hatari za kweli. Basi mzazi na aulize, na kijana awe na majibu.

Tutwae mfano wa njia itokayo Dar es Salaam hadi Mwanza, kwa kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Ni barabara ya lami, na urefu wake wazidi kilomita 1,100.

Swali la kwanza: Mtakwenda lini? Wakati mwema ni Juni hadi Septemba. Masika ya pwani yamekwisha, na mikoa ya kati haina mvua. Tena ndio msimu wa kusi, upepo utokao kusini-mashariki, ambao humsukuma mgongoni aendaye Mwanza. Wakianzia Mwanza kuja pwani, upepo uo huo utawapiga usoni.

Swali la pili: Kila siku mtakwenda umbali gani? Hapa wengi hukosea, kwa kuwa huhesabu mwendo wa aliye hodari. Sharti kuhesabu mwendo wa aliye dhaifu. Baiskeli yenye mzigo yaweza kwenda kilomita 15 kwa saa. Basi saa 5 ni kilomita 75. Wakiondoka saa 12 asubuhi, wakapumzika saa moja kwa jumla, watafika saa 6 mchana, kabla jua halijawaumiza. Hesabu hiyo yataka siku 15 au 16 za kuendesha. Pamoja na siku za kupumzika, tuseme siku 19. Mwanzo uwe mwepesi: siku ya kwanza Mlandizi, ya pili Chalinze, ya tatu Morogoro. Mahali pa kulala pajulikane mapema, kwa jamaa, shuleni au katika nyumba ya wageni.

Swali la tatu: Mmechukua nini? Yafaa baiskeli zote ziwe na tairi za kipimo kimoja, ili mpira mmoja wa akiba umfae yeyote. Wachukue pampu, viraka na gundi, spana, mnyororo wa akiba na dawa za huduma ya kwanza. Kila mmoja ajifunze kuziba pancha nyumbani, asije akajifunzia juani. Katika joto mwendeshaji huhitaji nusu lita ya maji hata lita nzima kwa saa. Basi asiondoke na chini ya lita 3.

Swali la nne: Mtakwendaje barabarani? Njia hii hupitwa na malori makubwa, mengine yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo. Waende mmoja mmoja, upande wa kushoto, wamevaa nguo za rangi kali na kofia ngumu, wala wasiende usiku kamwe. Mmoja atangulie, na mwingine mwenye pampu awe wa mwisho. Mtu asimpite wa kwanza wala asibaki nyuma ya wa mwisho. Baada ya Bahi barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Hapo kushuka na kuikokota baiskeli si aibu. Huko Sekenke, kati ya Singida na Igunga, mteremko ni mkali. Breki zikaguliwe kabla ya kuteremka.

Swali la mwisho ndilo kubwa: Mmoja wenu akiugua njiani, mtafanya nini? Jibu lipatikane kabla ya kuondoka. Pawe na mfuko wa pamoja na mweka hazina wake, na ndani yake nauli ya basi ya watu wawili isiyoguswa kwa jambo jingine. Maana mgonjwa harudishwi peke yake. Kadhalika wapatane kwamba kila mmoja ana ruhusa ya kusema, “Leo siwezi,” asichekwe. Kijana afichaye maumivu ya goti kwa kuona haya, kesho ataanguka mbele ya lori, na wenzake watajuta maisha yao yote.

Mzazi, mwana wako akikujibu haya yote, mpe baraka zako na kumsindikiza hadi barabara kuu. Akishindwa, usimvunje moyo. Mwambie akaketi na wenzake, wahesabu tena, na safari hii waanze na yule aliye dhaifu kuliko wote.