Mtoto akidhulumiwa shuleni: usimalizane nyumbani

Somo hili ni la wazazi, walezi, walimu na viongozi wa mitaa ya Eastlands, kuanzia Makadara na Buruburu hadi Dandora, Kayole na Embakasi. Lisome, kisha ulijadili na majirani wa ploti yenu au wanachama wa chama chenu.

Tuchukue mfano. Jumatatu saa kumi jioni, mwalimu wa tusheni anambakiza darasani msichana wa miaka 12. Usiku mtoto anakataa chakula, na mwishowe anamwambia mamake kwamba mwalimu alimfanyia "tabia mbaya". Jumanne, shangazi anashauri aibu isitoke nje ya nyumba. Jumatano, mwenye shule anatuma mjumbe: mwalimu ataondolewa kimyakimya, karo ya mwaka itasamehewa, na wazee watazipatanisha pande mbili. Ijumaa, mama anakubali.

Hakuna mtu halisi tuliyemtaja hapa, lakini wengi mtaani wataitambua njia hiyo. Tuhesabu kilichopotea njiani.

Saa 72

Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, zinazojulikana kama PEP, zinapaswa kuanza kutumiwa ndani ya saa 72 baada ya kitendo, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Katika mfano wetu, saa hizo ziliisha Alhamisi saa kumi jioni. Mama alipokubali siku ya Ijumaa, nafasi hiyo ilikuwa imeshapita. Kwa msichana aliyevunja ungo, dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo ina kikomo chake: saa 120, yaani siku tano. Ushahidi mwilini na kwenye nguo pia hupotea kila mtoto anapooga na kila nguo inapofuliwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hospitali. Huhitaji kupitia polisi kwanza ili mtoto atibiwe. Kwa wakazi wengi wa Eastlands, hospitali kubwa ya umma iliyo karibu ni Mama Lucy Kibaki. Usimwogeshe mtoto kabla ya kwenda. Nguo alizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Ikiwa ameshaoga, au saa 72 zimeshapita, mpeleke vilevile. Bado anahitaji kupimwa, kutibiwa na kupewa ushauri nasaha. Hospitalini, mwambie mhudumu ajaze fomu ya PRC, ambayo hurekodi hali ya mtoto aliyedhulumiwa kingono.

Kutoka hospitalini, nenda kituo cha polisi, kama vile Buruburu, Kayole au Dandora, na uulize dawati la jinsia. Usiondoke bila nambari ya OB. Utapewa fomu ya P3, ambayo hujazwa na daktari na kutumika kama ushahidi mahakamani. Fomu hiyo haiuzwi.

Maneno ya mtoto

Mtoto anapoanza kusema, msikilize bila kupiga kelele wala kumkatiza. Usimwulize kwa nini hakukimbia au kwa nini alibaki darasani. Mwambie amefanya vyema kusema na kwamba kosa si lake. Usimwahidi kuwa itabaki siri yenu wawili, kwa sababu utalazimika kuwaambia watu watakaomsaidia.

Andika maneno yake jinsi alivyoyatamka. Akisema "tabia mbaya", andika "tabia mbaya", na uongeze tarehe na saa. Usimrudishe kwenye hadithi hiyo mbele ya kila jamaa anayefika nyumbani, kwa maana kila mara anaumia upya. Usiwahi kumkalisha pamoja na mshukiwa ili "waulizwe pamoja".

Kwa nini hakuna kumalizana

Wengine huamini kwamba familia ikisamehe, kesi imekwisha. Sivyo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haimpi mzazi, chifu wala mwenye shule mamlaka ya kusimamisha uchunguzi au mashtaka. Uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Makubaliano ya sebuleni hayawezi kuchukua nafasi yake.

Sheria hiyohiyo inasema anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo ni miaka 20 au zaidi. Pia inamgusa mkuu wa shule, mwalimu au mfanyakazi yeyote wa shule anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi kufanya ngono, shule iwe rasmi au isiyo rasmi. Hili ni muhimu kwetu, kwa sababu watoto wengi wa Eastlands husoma katika shule ndogo za watu binafsi zilizo katikati ya nyumba.

Na yule mwalimu aliyeondolewa kimyakimya? Muhula ujao atakuwa mtaa mwingine, mbele ya darasa jingine. Mnamo Mei 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kesi ya wasichana wawili waliodhulumiwa na mwalimu wao. Hakumwajibisha mwalimu peke yake; Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na serikali ziliwajibishwa pia, na akakemea mtindo wa kuwahamisha walimu kama hao kutoka shule moja hadi nyingine. Mzazi anayekubali mwalimu "aondoke tu" anafanya jambo lilelile ambalo mahakama ililikemea.

Wajibu wa shule

Waraka wa TSC nambari 3 wa 2010 unamtaka mwalimu anayejua au kushuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kingono aripoti ndani ya saa 24. Anayeficha huchukuliwa hatua za kinidhamu. Tena, Sheria ya TSC ya 2012 hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa na tume hiyo, hata katika shule ya kibinafsi.

Kiboko nacho kina sheria yake. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatoza faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita kwa anayemtesa mwanafunzi, kimwili au kwa maneno ya kumdhalilisha. Mtoto akirudi na alama mwilini, njia ni ileile: hospitali, polisi, afisa wa watoto.

Maswali ya mkutano wa wazazi

Muhula huu, ulizeni haya na muombe majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano:

1. Je, kila mwalimu hapa, pamoja na wa tusheni, ana nambari ya TSC?
2. Mlinzi, mpishi na dereva waliajiriwa vipi, na nani aliulizia tabia zao walikotoka?
3. Mtoto mwenye malalamiko humwendea nani, na ikiwa mlalamikiwa ni huyohuyo?
4. Nani hubaki na watoto baada ya masomo, na mlango huwa wazi?
5. Mwalimu wa mwisho kuondoka ghafla aliondoka kwa sababu gani?

Ukihitaji msaada usiku au mchana, piga simu bila malipo: 116 kwa masuala ya watoto, 1195 kwa dhuluma za kijinsia, na 999 au 112 kwa polisi. Mfundishe mtoto wako nambari 116 leo, kabla hajaihitaji.