Mawingu ya Ncha za Dunia: Jawabu kwa Muulizaji wa Diff



Katika darasa letu lililopita tulitaja kwamba wataalamu huyapima mawingu ya ncha za dunia kwa mwangaza wa leza. Ndugu yetu mmoja wa Diff, katika kaunti ya Wajir, mpakani mwa Somalia, ametuletea barua akisema: "Huku kwetu, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, mvua ilitukosa misimu mitano mfululizo. Ng'ombe walikwisha, hata ngamia walikufa. Leo mwatusomesha habari za mawingu ya barafu yasiyotunyeshea. Yatufaa nini sisi? Na je, kuyachungua si kujiingiza katika ghaibu?"

Swali hili ni la haki, kwani mwenye kiu hasomeshwi habari za barafu bila ya kuelezwa sababu. Tutalijibu kwa taratibu, na twamwomba muulizaji asituhukumu mpaka afike mwisho.

MAWINGU HAYO NI YEPI

Mawingu ya mvua tuyajuayo sisi yako karibu na ardhi. Lakini juu ya ncha za dunia, kusini na kaskazini, wakati wa kipupwe ambapo jua halichomozi kwa wiki nyingi, hutokea mawingu mengine yaliyo mbali sana juu, baina ya kilomita 15 na 25. Huko hewa ni kavu mno, na wingu halifanyiki mpaka baridi ifike kiasi cha digrii 78 chini ya sufuri. Baadhi yake ni matone madogo mno ya asidi, baadhi ni chembe ngumu za maji na asidi ya naitriki, na baadhi ni barafu safi. Mengine hung'aa rangi nyingi kama upande wa ndani wa gamba la chaza. Mvua hayana, wala mchungaji hayangojei.

KWA NINI YAPIMWE KWA LEZA

Jicho la mtu haliangalii ila kwa mwangaza unaotoka kwengine. Likikosa jua au taa, halioni. Na picha za kawaida za setilaiti ni hivyo hivyo, zahitaji jua. Basi utaonaje wingu jepesi katika usiku wa miezi? Na hata jua likitoka, wingu jeupe juu ya theluji nyeupe litapambanuliwa vipi? Hii ndiyo shida iliyowafanya wataalamu watafute chombo kiendacho na taa yake chenyewe.

Chombo hicho huitwa lida. Hutoa mwale wa leza kwa muda mfupi mno, kisha hungoja kile kidogo kinachorudi. Nahodha apigaye bildi hupima kina cha bahari kwa urefu wa kamba; lida hupima umbali wa wingu kwa muda. Mwangaza hwenda kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Wingu likiwa kilomita 20 juu ya chombo, kwenda na kurudi ni kilomita 40, na mwangaza utarudi kwa sehemu 1 katika 7,500 za sekunde. Ukiujua muda, umeujua umbali.

Tena liko jambo la pili, na ndilo lenye faida kubwa. Mwale ule hutolewa ukitikisika kwa upande mmoja tu, mfano wa kamba iliyofungwa kwenye nguzo ikatikiswa juu na chini. Ukipiga tone la mviringo, hurudi na mtikisiko ule ule. Ukipiga chembe ngumu yenye pembe, baadhi yake hurudi umegeuka upande. Kwa alama hii hujulikana kama wingu ni la matone au ni la barafu, na hali hapana mtu aliyelishika kwa mkono.

Chombo kilichofanya kazi hii kwa muda mrefu ni setilaiti ya CALIPSO, ya Marekani na Ufaransa, iliyorushwa Aprili 2006 ikafanya kazi hata mwaka 2023. Ilikuwa na mwangaza wa namna mbili, mmoja wa kijani na mmoja usioonekana kwa macho, nayo ilipiga mara 20 kwa kila sekunde. Kadhi hatosheki na shahidi mmoja. Huwasikiliza mashahidi mbalimbali, kisha hulinganisha maneno yao. Na wataalamu hawa walilinganisha mwangaza mmoja na mwenziwe kabla ya kutoa hukumu. Mwezi wa Mei 2024 nchi za Ulaya na Japani zilirusha nyingine, EarthCARE, yenye leza na rada pamoja.

NINI KILICHOJULIKANA

Juu angani iko hewa iitwayo ozoni, ambayo huzuia sehemu kubwa ya miale mikali ya jua inayodhuru ngozi na macho. Mwaka 1985 Waingereza watatu, Farman, Gardiner na Shanklin, walitangaza kwamba ozoni ya juu ya ncha ya kusini yapungua mno kila ifikapo miezi ya Septemba na Oktoba. Watu walistaajabu. Ilikuwa imekwisha tuhumiwa gesi iliyotiwa katika majokofu na makopo ya kupulizia, lakini gesi hiyo ilitumiwa zaidi katika miji ya kaskazini. Kwa nini basi madhara makubwa yawe kusini, mahali pasipokuwa na miji wala majokofu?

Jawabu lilikuwa katika mawingu yale. Mwaka 1986 Susan Solomon na wenziwe walieleza kwamba klorini iliyotoka katika gesi hizo hukaa angani imefungwa, haidhuru. Ikikutana na chembe za mawingu ya baridi, hufunguka juu ya chembe zile. Jua lirudipo baada ya usiku mrefu, klorini ile huanza kuila ozoni. Mwaka 1987 ndege zilipelekwa kusini zikiwa na vyombo vya kupimia, na leza miongoni mwavyo, na vipimo vikathibitisha kuwa klorini ndiyo ilayo. Na ncha ya kaskazini nayo, katika miaka ya baridi kali kama 2011 na 2020, ilipatwa na upungufu mkubwa.

Zingatia hapa, ndugu msomaji. Gesi iliyovuja katika jikoni ya mji mmoja ilisafiri miaka, ikapanda juu, ikafanya uharibifu katika mwisho wa dunia ambako mwenye jokofu hatafika maisha yake. Wala hakukusudia uovu. Alitaka maji ya baridi tu.

YATUFAA NINI SISI

Tusema kweli kwanza: leza haitaleta mvua Diff. Wala tundu la ozoni haliko juu ya Diff. Mwenye kuwaambia hayo amewadanganya.

Lakini kwa sababu ya elimu hii watu walizuia dhara kabla halijaenea. Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yaliwafikiana Montreal kupunguza gesi zile, na aliyeyaongoza mashauriano hayo ni Mostafa Tolba, mwanachuoni wa Misri, aliyekuwa mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Kenya ilijiunga mwaka 1988. Utengenezaji wa gesi kuu za zamani ulikomeshwa katika nchi zinazoendelea mwaka 2010. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2022 kwamba, ahadi zikitimizwa, ozoni itarudi hali yake ya mwaka 1980 kiasi cha mwaka 2066 kwa kusini, 2045 kwa kaskazini, na 2040 kwa sehemu nyingine za dunia. Mchungaji wa Diff ashindaye juani mchana kutwa, katika nchi ambayo jua lapita utosini, ni katika watu wa mbele waliokingwa na mapatano hayo, ijapokuwa hakuyasikia.

Na faida ya pili yagusa ukame wenyewe. Gesi zile za zamani, pamoja na kuila ozoni, zina nguvu kubwa ya kuzidisha joto la dunia. Na joto likizidi ardhi hukauka upesi, hata mvua chache iliyonyesha haikai. Kwa hivyo kuzikomesha kulipunguza joto pia. Baadaye ilionekana kwamba badala yake, kama R-134a, haili ozoni lakini kilo moja yake yazidisha joto kuliko kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Ndipo Oktoba 2016 mataifa yakakutana Kigali, Rwanda, yakawafikiana kuzipunguza na hizo.

Hapa basi maneno yatugeukia sisi watu wa miji ya pwani. Majokofu na mashine za kupoza hewa ni yetu. Fundi afunguaye mrija akaiacha gesi itoke hewani, ili aitie mpya kwa wepesi, hafanyi jambo dogo. R-22 ingali ikitumiwa katika mashine nyingi, nayo yadhuru ozoni, ijapokuwa ni kidogo kuliko zile za kwanza. Yapasa fundi aivute aitie katika mtungi, na mwenye mashine akubali kulipa ujira wa kazi hiyo. Twamlaumu fundi, na sisi ndio tunaotaka kazi ya rahisi!

SUALA LA GHAIBU

Ama kuyachungua mawingu, si kudai ghaibu. Lida haisemi kesho kutakuwa nini. Husema kilichopo sasa, kiko umbali gani, na ni cha namna gani. Mpiga ramli hutoa khabari bila ya dalili na hataki kuulizwa. Mpimaji huonyesha chombo chake, hutaja mipaka yake, na humruhusu mwenziwe apime tena. Na mipaka iko: wingu likiwa zito, mwale wa leza huzama ndani yake usirudi, ndiyo maana EarthCARE ikapewa na rada. Wawili hawa hawalingani. Ajabu ni kwamba wako kati yetu wanaoliogopa jicho la leza, na hali wamlipa mpiga ramli kila mwezi.

Kwa ufupi, muulizaji wetu na ashike mambo matatu. Mawingu yale hayamnyeshei, lakini yalifichua dhara lililokuwa likimjia. Dhara hilo lilitoka mikononi mwa wengi, kidogo kidogo, na limezuiliwa kwa njia hiyo hiyo. Na elimu iliyolifichua haikuchukua nafasi ya dua yake ya mvua. Ilimwonyesha tu ni lipi katika joto hili limefanywa na mikono ya watu, ili wenye mikono hiyo waulizwe.

Wallahu aalam.